Re: Sakafu ya joto imepoa chumba kimoja tu

Kutoka: Kiel, Ujerumani, Jumatatu mchana

Shikamooni wakubwa, wenzangu hamjambo.

Naomba msaada kwa anayezijua sakafu za joto. Nyumba tuliyonunua inapashwa kwa maji ya moto yanayopita kwenye paipu chini ya vigae. Tangu tuwashe mwezi wa kumi, sebule na jiko viko vizuri, ila chumba cha mtoto sakafu ni ya baridi usiku na mchana. Mama amekuja kutoka Temeke kunisaidia kulea, na mnamjua mama wa kwetu: anatandika mkeka, anakaa chini, ananyoosha miguu, mtoto pembeni. Mle ndani hakukaliki.

Wiki iliyopita alikuja fundi, akagusa sakafu kwa kiganja, akasema paipu imeziba na vigae vivunjwe. Bei aliyoitaja ilinikosesha usingizi. Mume wangu anataka kujaribu mwenyewe, hatujui pa kuanzia. Kaka Fundi, upo?

---

Kutoka: Tabata, Dar es Salaam, Jumatatu usiku

Marahaba mdogo wangu. Mama mfikishie shikamoo yangu.

Nipo, na nakuomba sana: msivunje kigae hata kimoja. Nilifanya kazi hii miaka tisa kule Leipzig kabla ya kurudi nyumbani. Nyumba ambazo ilinibidi kuchimba sakafu hazijazi vidole vya mkono mmoja. Inaniuma kusikia mtu anaambiwa avunje kabla hata kabati halijafunguliwa.

Chini ya vigae vyenu hakuna kitu kinachocheza. Kuna paipu ya plastiki ngumu, mara nyingi ya milimita 16, imelazwa kwa kuzungushwa ndani ya zege bila kiungo chochote. Kila chumba kina mzunguko wake, kwa kawaida hauzidi mita 100. Koki, vichwa vya umeme na pini, yaani vitu vinavyochoka, viko ukutani ndani ya kabati la bati. Mtalikuta kwenye korido au stoo. Mkifungua mtaona mabomba mawili manene yamelala, moja juu ya jingine, kila moja na matawi. La kwenda, linalopeleka maji sakafuni, mara nyingi lina vioo vidogo vyenye namba. La kurudi lina vichwa vyeupe vya plastiki vyenye nyaya.

Anzeni na vioo. Kila kimoja kinaonyesha maji ya mzunguko wake, lita ngapi kwa dakika. Wakati mfumo unafanya kazi na thamostati za vyumba, vile vidude vya ukutani vya kupangia joto, zote zimepandishwa, subirini dakika kumi kisha msome. Vingine vikionyesha 1 au 2 na cha chumba cha mtoto kiko sifuri, basi maji hayapiti. Sasa inabidi kujua nani kayazuia.

Zima umeme wa vichwa kwanza, maana vingi huko ni vya volti 230. Fungua kwa mkono kichwa cha chumba cha mtoto, kinatoka kama kifuniko cha chupa. Chini yake kuna pini ya chuma, nyembamba kama msumari mdogo. Hapa ndipo penye siri yote. Kwa aina nyingi, kichwa kikiwa hakina umeme kinaikandamiza pini na njia ya maji inafungwa. Kikipata umeme kinajiinua polepole, dakika tatu hadi tano, na springi inaisukuma pini juu. Kwa hiyo ukishatoa kichwa, pini inatakiwa iwe imesimama, na maji yapite yenyewe.

Bonyeza pini kwa ubavu wa spana. Iingie milimita mbili tatu, irudi. Ikiwa imezama na hairudi, ndiyo mgonjwa wako. Inakaa miezi yote ya kiangazi bila kusogea, inaganda. Gongagonga taratibu pembeni yake, tia tone la mafuta ya silikoni, bonyeza, achia, bonyeza tena. Usiivute kwa koleo. Pini ikichomoka, maji yanaifuata.

Kama pini inacheza vizuri na kioo kimepanda mara tu kichwa kilipotoka, pini haina hatia. Kichwa kimekufa au thamostati haitumi umeme. Badilishana na kichwa cha sebuleni mjue ni kipi.

Boila, ule mtambo unaopasha maji, msiiguse. Ikiwa ni ya gesi, kifuniko chake kinafunguliwa na mwenye kibali tu.

---

Kutoka: Upanga, Dar es Salaam, Jumanne asubuhi

Habari zenu. Niongeze kwa wanaosoma wakiwa wapangaji: Ujerumani kifungu cha 535 cha sheria yao ya kiraia kinamtaka mwenye nyumba aitunze katika hali ya kukalika. Ukipanga, usishike spana. Mwandikie barua au barua pepe, weka tarehe, piga picha ya kipimajoto.

Kaka Fundi, sisi tulipokuwa Toronto bafu letu lilipashwa kwa waya wa umeme, hakukuwa na maji. Ulipokufa hatukujua la kufanya. Hizo nazo zinapimika?

---

Kutoka: Tabata, Dar es Salaam, Jumanne mchana

Zinapimika dada, kwa mita ya umeme ya kawaida. Zima kwenye bodi, toa nyaya kwenye thamostati, pima ohmu. Chukua volti, zidisha kwa zenyewe, gawa kwa wati zilizoandikwa kwenye lebo. Waya wa wati 450 kwa volti 120 unatakiwa usome karibu ohmu 32. Mita isiposoma kitu, waya umekatika. Ikisoma kati ya waya na ethi, yaani waya wa ardhini, umejeruhiwa na usiwashwe. Namba ikiwa sawa, angalia thamostati na kile kihisio chake cha sakafuni kabla ya kulaumu waya.

---

Kutoka: Kiel, Jumatano usiku

Kaka Fundi, Mungu akuzidishie. Pini ilikuwa imezama kabisa! Mume wangu ameibembeleza nusu saa mpaka ikaruka. Kioo kimepanda hadi 1, halafu kinashuka, kinapanda, kinatetemeka, na ukutani tunasikia kama mtu anasukutua. Sakafu bado baridi. Mama anauliza pia kama joto hilo halitamchoma mtoto akianza kutambaa.

---

Kutoka: Tabata, Dar es Salaam, Jumatano usiku

Hiyo ni hewa. Mwambie mama akumbuke maji ya DAWASA yanaporudi baada ya siku tatu: bomba linakohoa, linatema, linatulia, ndipo maji yanakuja mfululizo. Ndicho kinachotokea ukutani kwenu, tofauti ni kwamba hewa yenu haina pa kutokea.

Zimeni boila na pampu, maji yapoe. Fungeni koki mbili kubwa zinazoingia kwenye kabati. Vichwa vyenye afya viacheni mahali pake, maana aina nyingi bila umeme zinafunga zenyewe. Kitoeni cha chumba cha mtoto peke yake ili mzunguko huo tu ubaki wazi. Mwisho wa kila bomba nene kuna koki ndogo ya mpira wa maji. Mpira wa kuingiza, unaotoka kwenye bomba la maji ya nyumbani, ufungwe kwenye bomba la kwenda, lile lenye vioo, na wa kutoa kwenye la kurudi, ncha yake izame ndani ya ndoo yenye maji. Msigeuze. Fungulia koki ya kutoa kwanza, kisha ya kuingiza, taratibu.

Mume wako akae na ile ndoo. Mwanzo mapovu yatatoka makubwa, kwa mafungu, na maji yanaweza kuwa meusi kama chai ya rangi iliyochemka sana. Huo weusi ni kutu laini ya vyuma vya mfumo, acheni utoke. Halafu mapovu madogo. Halafu kimya. Yakishanyamaza, ongezeni dakika mbili nyingine. Fungeni ya kutoa, geji ya presha ifike baa 1.5, fungeni ya kuingiza, kisha mfungue zile koki kubwa. Mpira wa bombani uondoeni siku hiyohiyo, maji ya mfumo yasije yakarudi kwenye maji ya kunywa.

Angalieni geji kesho na keshokutwa. Kushuka kidogo ni hewa iliyobaki inayojitoa. Ikishuka kila siku, niambieni, hapo tutazungumzia uvujaji. Nilishakuta mteja aliyefunga kizuizi cha mlango kwa skrubu ndefu, geji ikashuka kutoka 1.5 hadi 0.6 ndani ya usiku mmoja. Tulifunga mizunguko mmojammoja mpaka geji ikasimama, tukajua ni korido, tukaiona ile skrubu imetoboa paipu. Kigae kimoja kikatolewa, kiungo cha kubana kikawekwa, basi.

Mama asiwe na wasiwasi. Kiwango cha Ulaya, EN 1264, hakiruhusu uso wa sakafu ya vyumba vya kukaa, sehemu wanazokaa watu, kuzidi nyuzi 29. Hata Dar mwezi huu saruji ya barazani kwangu inazidi hapo saa sita mchana, na watoto wanacheza juu yake.

Na msipandishe thamostati mpaka mwisho kwa haraka. Zege ni zito, linahitaji saa nyingi kupata joto. Kama chumba kina zulia nene, likunjeni.

---

Kutoka: Kiel, Ijumaa asubuhi

Maji yalitoka meusi ndoo mbili nzima. Jana jioni bado baridi, nikakata tamaa. Leo alfajiri nimeingia kumchukua mtoto bila ndala, kigae kina uvuguvugu mpaka kona ya dirisha. Kioo kimesimama kwenye 1.5, geji 1.4. Zulia tumelikunja, mama amehamishia mkeka wake mle ndani na anasema ile ndoo ya maji meusi asingeiamini kama asingeiona.

Kichwa cheupe kimerudishwa, ila kinachelewa sana kufungua, kama robo saa. Ninunue kingine sasa, au kinavumilika hadi kiangazi?

---

Kutoka: Tabata, Dar es Salaam, Ijumaa mchana

Nunua sasa. Soma volti ubavuni kabla hujalipa, 230 na 24 vinafanana sura. Na kiangazi, mara moja kwa mwezi, pandisheni thamostati zote kwa robo saa pini zicheze.