Chuma cha kulehemu cha kwanza kwa mwanafunzi: cha kawaida, cha kurekebisha joto au stesheni?

Kijana_Saketi (Mbagala, Dar)
Heshima kwenu wakuu. Niko kidato cha pili, nimepata seti ya vipande vya kuunga redio ndogo ya FM. Nyumbani tuna vyumba viwili na mdogo wangu ana miaka minne, anagusa kila kitu. Kariakoo nimeona aina tatu: chuma cha kawaida cha wati 60 unachochomeka tu kwenye umeme, kingine cha wati 60 chenye kitufe cha kupandisha na kushusha joto kwenye mpini, na stesheni yenye boksi lake na stendi. Baba ataongezea hela ya stesheni kama kuna sababu ya msingi. Pia kuna waya wa kulehemia wenye madini ya risasi, 60/40 (bati 60, risasi 40), na usio na risasi ambao ni ghali zaidi. Nichukue kipi, na nifanyie wapi?

Fundi_Masafa (Morogoro)
Dogo, chukua cha kurekebisha joto. Kile cha kawaida hakina kinachokizuia. Ukikiacha kwenye umeme huku unatafuta rezista iliyodondoka, ncha huweza kupita nyuzi 400. Ncha inaungua na kuwa nyeusi, haishiki tena waya, nawe unaanza kukandamiza. Hapo ndipo chuma kinapoteleza na kuangukia mkono. Pia kinabandua njia za shaba kwenye bodi. Kwa 60/40, weka nyuzi 330 hadi 350. Gusa mguu wa kifaa na shaba ya bodi kwa pamoja, kisha lisha waya pale kwenye kiungo, wala si kwenye ncha. Sekunde mbili tatu zinatosha, unatoka.

Kwa redio ya FM stesheni si lazima. Hela ya baba nunueni stendi nzito ya chuma yenye springi. Kile kibati kilichokunjwa kinachokuja ndani ya pakiti usikiamini hata kidogo, kinapinduka waya ukivutwa kidogo tu.

Mama_Wawili (Nairobi)
Fundi, nakuheshimu, lakini hujasema lolote kuhusu huyo mtoto wa miaka minne. Kijana wangu naye analehemu, na kwetu waya wenye risasi hauingii nyumbani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo akiimeza, mwili wake hufyonza mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima. Inaingia kwenye ubongo, inakaa kwenye mifupa. Kama bei ndiyo shida, bora asubiri mwezi mmoja anunue ule mwingine.

Mwalimu_Fizikia (Mwanza)
Mama yuko sahihi kuhusu hatari, ila tuone inapita njia gani. Risasi huchemka kwenye nyuzi 1,749, chuma chako hakifiki hata theluthi yake. Kwa hiyo ule moshi mweupe si risasi. Unatoka kwenye fluksi, dawa iliyo ndani ya waya ya kuusaidia ushike, ambayo mara nyingi ni kolofoni, utomvu wa misonobari. Huo nao una madhara yake: unawasha macho na koo, na ukiuvuta mara kwa mara unaweza kukuletea pumu. Risasi yenyewe inapitia mikononi. Unashika waya, kisha unashika andazi, au unambeba mdogo wako. Wapo hata mafundi wanaobana waya kwa meno mikono ikijaa. Usiwaige.

Sasa ulinganisho wa nyaya. Ya 60/40 huyeyuka kati ya nyuzi 183 na 190, inatiririka vizuri, kiungo kinang'aa, na anayeanza anaona haraka kama amekosea. Isiyo na risasi, ile ya bati na shaba kidogo, huyeyuka kwenye 227, kwa hiyo chuma kiwe karibu 360 au 370. Kiungo chake hufifia hata kikiwa kizuri, ncha inalika upesi, na moshi unaweza kuwa mkali zaidi. Kwa nyumba yenye mtoto mdogo nakubaliana na Mama: nunua isiyo na risasi. Lakini chuma cha kawaida kitakusumbua na waya huo, ndiyo sababu nyingine ya kuchukua cha kurekebisha joto.

Usidhani pia kwamba umemalizana na risasi. Ulaya ilianza kuizuia kwenye vifaa vingi vya elektroniki tarehe 1 Julai 2006. Redio za zamani tunazovunja ili kupata vipuri nyingi zimejaa risasi. Ukigusa bodi ya zamani, nawa kwa sabuni na maji, kwa maana vitakasa mikono huua vijidudu tu, risasi inabaki palepale. Meza ifute kwa kitambaa chenye maji. Usifagie, vumbi litaruka.

Pwani_Elektro (Mombasa)
Mimi natetea stesheni, na sababu yangu ni kamba. Vyuma vingi vya bei ndogo vina kamba ngumu ya plastiki, na ncha ikiigusa sekunde chache tu inayeyuka. Ndani yake mna umeme wa ukutani. Stesheni nyingi zina kamba laini ya silikoni isiyoyeyuka ovyo, na umeme unaofika mkononi ni wa volti 24 tu. Kama hela haifiki, tafuta chuma cha kurekebisha joto chenye kamba ya silikoni. Vipo hata Luthuli Avenue kule Nairobi, uliza tu.

Lingine ni plagi. Vyuma hivi huja na plagi ya pini mbili, na watu husukuma kalamu kwenye tundu la ethi (waya wa usalama unaoenda ardhini) ili soketi ifunguke. Usifanye hivyo kamwe. Kile kizuizi cha ndani kimewekwa kumlinda mtoto kama mdogo wako. Mwombe fundi umeme aweke plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 3. Chuma kikiwa na waya wa ethi, uunganishwe.

Na usifungue chaja wala pawasaplai ya TV kutafuta vipuri. Kapasita kubwa ya mle, kifaa kinachohifadhi umeme, inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa plagi. Kwa sasa kaa kwenye vitu vya betri.

Kijana_Saketi
Asanteni sana. Mlangoni kuna kibaraza chenye paa, nikifanyia hapo? Na barakoa za hospitali zinasaidia kwa moshi?

Mwalimu_Fizikia
Kibaraza ni kizuri kuliko chumbani. Barakoa hizo hazizuii moshi huo. Kaa upepo ukipita kutoka ubavuni, usiinamie kazi moshi ukapanda usoni. Ukitumia feni, iwekwe iuvute moshi kwenda nje, isipulize kwenye kiungo kikapoa vibaya. Vaa miwani. Unapokata miguu ya vifaa, ishikilie kwa kidole, kile kipande kinaruka kuelekea jichoni.

Mama_Wawili
Weka ndoo ya maji safi na kata hapo karibu. Ukiungua, mwagia maji ya baridi ya kawaida taratibu kwa dakika 20. Dawa ya meno, asali, yai, mafuta, vyote hapana. Na fanya kazi mdogo wako akiwa amelala au ameshikwa na mtu mzima. Kumwambia "usiguse" hakutoshi kwa umri huo.

Fundi_Masafa
Nimekubali kuhusu waya, Mama. Kwa nyumba hiyo, usio na risasi. Dogo, nyongeza moja: ukikosa fluksi usiombe dawa ya tindikali ya mafundi bati. Inafaa kwenye ndoo na mabati, lakini kwenye bodi itaendelea kula shaba hata baada ya wiki.

Kijana_Saketi
Basi nachukua cha kurekebisha joto chenye kamba ya silikoni, stendi nzito na waya usio na risasi. Nikimaliza, chuma kikiwa bado cha moto nakiweka wapi mtoto asikifikie?

Fundi_Masafa
Chomoa kwanza, kiache kwenye stendi na usiondoke hapo. Tumia muda huo kufuta meza na kuhesabu vipande vya waya. Kisha gusisha ncha kwenye sponji yenye maji. Ikilia "tsss", bado. Ikinyamaza, ongeza dakika kama kumi, kwa sababu nyuzi 80 hazilii lakini zinaunguza. Usikipime kwa kidole wala kukifunga kwa kitambaa. Kikipoa, kiingie kwenye boksi pamoja na waya, boksi liwe juu ya kabati, kisha nenda kanawe mikono.