Nyota tano za usalama wa gari zilipimwa kwa mwili wa nani?

Wanajamvi, nimetoka kwenye yadi ya magari barabara ya Ngong, Nairobi, nikiwa na hasira ambayo bado haijapoa. Muuzaji alinisifia gari dogo kutoka Japani kwamba lina nyota tano za usalama. Nilipoketi, mkanda ulinipita shingoni badala ya begani, na ili miguu ifikie pedeli ilinibidi nisogeze kiti mpaka kifua kikakaribia kugusa usukani. Nilimuuliza nyota hizo zilipimwa kwa mtu wa kimo gani. Alicheka, akanijibu, "Mama, gari ni gari."

Si kweli hata kidogo. Nyota hizo hutolewa baada ya gari kugongeshwa likiwa limebeba sanamu za binadamu, na sanamu hizo zina kimo na uzito wake. Hybrid III, sanamu ambayo kwa miongo mingi imetumika kupimia ajali za uso kwa uso, iliundwa na General Motors mwaka 1976 kwa kipimo cha mwanamume wa Marekani, mwenye kimo cha sentimita 175 hivi na uzito wa kilo 78. Ile inayoitwa ya kike ni mwanamume huyohuyo aliyepunguzwa hadi kilo 49, na katika majaribio ya nyota ya Marekani ya kugonga kwa mbele huketishwa kiti cha abiria, kana kwamba sisi hatuendeshi. Matokeo yake tunayabeba sisi: watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia walionyesha mwaka 2019 kwamba, katika ajali hizo, mwanamke aliyefunga mkanda ana uwezekano wa kuumia vibaya unaomzidi mwanamume kwa asilimia 73.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ujuzi upo. Nchini Sweden, mtafiti Astrid Linder na wenzake walitoa mwaka 2022 sanamu ya mwanamke wa wastani, sentimita 162 na kilo 62, yenye uti wa mgongo unaopinda, kwa ajali za kugongwa nyuma. Ilihitaji kusubiri karibu nusu karne?

Hapa kwetu Kenya tunakagua kwa makini kama gari kuukuu linaloingizwa nchini limezidi miaka minane, lakini hakuna anayeuliza lilijaribiwa kwa nani. Matatu ndiyo aibu kubwa zaidi, kwa maana nyingi ziliingia nchini zikiwa magari ya mizigo, na viti tunavyokalia vikachomelewa papa hapa mjini bila sanamu yoyote kuvikalia.

Nataka kila yadi inayotangaza nyota ilazimishwe kuandika kwenye kioo cha gari ni sanamu ya kimo gani iliyotumika, na iliketi kiti gani.