Mpigaji asiyetembea: nimzuie au nimwache?

Mwalimu wa Chumbageni
Assalaam aleikum ndugu zangu. Nawafundisha besiboli vijana wa sekondari hapa Tanga, katika kiwanja chenye mchanga mwingi kiasi kwamba mpira ukitua haudundi. Ninaye kijana wa kidato cha pili ambaye hajawahi hata mara moja kufika kituo cha kwanza kwa kutembea, yaani kwa kuiacha mipira minne mibaya, iliyorushwa nje ya eneo la kupigika, ipite. Kila kinachorushwa anakifuata na gongo (la kupigia, si lile la kunywa). Juzi aliupiga mpira uliokuja usawa wa kifundo cha mguu, ukapita juu ya kichwa cha mlinzi wa kituo cha pili. Zamu iliyofuata akakosa mitatu mfululizo, na wa mwisho ulikuwa mbali hata mdakaji akalazimika kuurukia. Nimezoea kuwaambia wasubiri. Hata hivyo, mwaka 2019 Tim Anderson wa Chicago White Sox, timu ya Marekani, aliongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga wa 0.335 (yaani karibu mara moja katika kila tatu alifika kituoni kwa kuupiga mpira), ilhali alitembea mara 15 tu msimu mzima. Je, nimfunge kijana huyu breki, au nitamharibia kipaji?

Mtu wa Sahare
Waaleikum salaam, Mwalimu. Mfunge breki. Huyo Anderson, ukijumlisha kila njia ya kufika kituoni, alifikia 0.357 tu, kwa hiyo siku ambazo mipira yake iliangukia mikononi mwa walinzi hakuwa na akiba yoyote ya kumwokoa. Mtazame pia Salvador Perez wa Kansas City mwaka 2021: aliupiga mpira ukavuka uzio mara 48, jambo la kutisha kwa mdakaji, lakini kiwango chake cha kufika kituoni kilikuwa 0.316, maana yake katika kila mara kumi alizosimama kupiga, karibu saba alirudi benchi. Isitoshe, warushaji wa umri wa vijana wako hawana shabaha. Anayewapigia mipira mibaya anawasaidia kazi.

Binti Makorora
Kaka wa Sahare, hilo la warushaji wachanga nakubaliana nawe, ila umewatia kapu moja watu wasiofanana. Perez mwaka ule alitembea mara 28 na kutolewa kwa kukosa mipira mitatu mara 170. Luis Arraez, mpigaji mwingine wa Marekani, mwaka 2024 alitembea mara 24, pungufu ya Perez, lakini alitolewa kwa njia hiyo mara 29 tu na akaongoza ligi yake kwa wastani wa 0.314. Arraez hatembei kwa sababu mpira wa nne haujafika ameshaupiga mmoja. Perez hatembei kwa sababu anafukuza asivyovipata. Wadominika, watu wa Jamhuri ya Dominika, husema kwamba hakuna aliyetoka kisiwani kwao kwa kutembea, yaani anayeonekana ni anayepiga, na Vladimir Guerrero, mzaliwa wa huko, aliwahi kupiga kwa mafanikio mpira uliokwisha kudunda chini. Alimaliza na wastani wa 0.318, akaingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli mwaka 2018. Na katika mara 737 alizotembea, 250 alitembezwa kwa makusudi, kwa kuwa warushaji walimwogopa.

Kwa hiyo, Mwalimu, kabla hujamfunga breki mchunguze. Kunja kanga ibaki na upana wa sentimita 43, ambao ndio upana wa kituo cha nyumbani, pale anaposimama mpigaji, uitundike nyuma yake kuanzia usawa wa goti hadi kifuani. Asimame bila gongo, aseme "ndani" au "nje" mpira ungali hewani.

Mwalimu wa Chumbageni
Ahsante sana, dada yangu. Jana alasiri nilitundika kanga kuukuu ya mama watoto, ambaye bado hajajua. Mipira ya chini kijana aliitaja sawasawa yote, hata ile iliyopishana na pindo la kanga kwa upana wa kidole, lakini iliyokwenda pembeni, upande wa mbali naye, aliita "ndani" karibu yote. Kumbe ule wa kifundo cha mguu aliuona vizuri, akaupiga kwa kutaka. Ya chini nitamwachia. Ya pembeni tunaanza nayo Jumamosi, gongo likiwa limebaki stoo.