Wabunge wetu tisa wa Afrika Mashariki wanamwakilisha nani?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nikikosea mahali nisahihisheni, ila msiniambie nitulie.

Wiki tatu zilizopita mdogo wangu alipeleka vitunguu mpakani, magunia 22. Vitunguu vya hapahapa nchini, na thamani yake haifiki dola 2,000. Mnaofanya biashara hii mnajua kiwango hicho kina maana gani: mazao ya ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yakiwa hayazidi hapo, mfanyabiashara mdogo anajaziwa cheti rahisi cha uasili (karatasi ya kuonyesha mazao yametoka nchi gani) palepale mpakani na kuvuka bila ushuru wa forodha. Haombi fadhila, ni haki yake.

Akaambiwa lete karatasi nyingine. Akaleta. Akaambiwa siyo hii, nenda kwa fulani. Fulani ameshatoka, rudi kesho. Siku ya tatu akanipigia, nasikia kwenye simu anavyofungua gunia moja baada ya jingine: "Kaka, ya chini yameshalowa." Akauza palepale barabarani kwa bei ya kutupa, hela ya gari hakuipata.

Kabla ya kukata simu akaniuliza, "Kwani huko Arusha hatuna mtu wetu?"

Tunao. Tena tisa. Ibara ya 50 ya Mkataba wa kuanzisha Jumuiya inaipa kila nchi mwanachama wabunge tisa wa kuchaguliwa katika EALA, yaani Bunge la Afrika Mashariki lenye makao Arusha, na kwenye idadi sina ugomvi: tisa ni tisa, Tanzania kama Burundi. Nilitafuta namna ya kumpata mmoja wao. Barua pepe mbili, simu kadhaa, na mtu aliyeahidi kunipa namba ambaye sasa hapokei simu yangu. Hadi leo kimya.

Nikakaa nikajiuliza anijibu kwa sababu gani? Mimi sikumchagua. Anachaguliwa Dodoma na wabunge wa Bunge letu, wala mwenyewe haruhusiwi kuwa mbunge wa Bunge hilo. Hana jimbo. Hana mkutano wa hadhara wa kuja kuzomewa. Septemba 2022 walipigiwa kura, Desemba wakaapa, muda wao unaisha 2027, na Mkataba unawaruhusu kurudi kwa awamu ya pili. Anayetaka kurudi anajipendekeza kwa chama na kwa wabunge. Muuza vitunguu hana cha kumpa wala cha kumnyima.

Mtasema mambo yenyewe ni madogo. Siyo madogo! Mkataba unasema wazi kwamba katika utekelezaji wa Mkataba huo, sheria ya Jumuiya inatangulia sheria ya nchi. Maana yake linalopitishwa Arusha na kuridhiwa na wakuu wa nchi linaingia hadi sokoni kwetu. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, malori yalikwama na wakulima wakabaki na mzigo. Tulisikia mawaziri wakizungumza, na baadaye Rais Samia akaenda Nairobi mwenyewe. Sawa, hiyo ndiyo kazi ya serikali. Lakini je, kuna mkulima hata mmoja humu aliyefuatwa na mbunge wa EALA siku zile akaulizwa, "umepoteza kiasi gani, nikaseme nini?" Mimi sijamsikia.

Halafu kuna Ibara ya 65, ambayo naomba muisome. Inataka kumbukumbu za mijadala inayohusika ya EALA zipelekwe kwa makatibu wa mabunge ya nchi, na waziri anayehusika na Jumuiya aziweke mezani. Mimi nafuatilia Bunge kwenye redio tangu nikiwa shule, bajeti zote nasikiliza. Nitajieni siku ambayo mbunge wa kawaida alisimama akasema, "Mheshimiwa Spika, nimesoma walichosema wenzetu tisa kule Arusha na sikubaliani nacho."

Lugha sasa. Hapa ndipo damu inanichemka kabisa. Ibara ya 137 inasema lugha rasmi ni Kiingereza, nacho Kiswahili kiendelezwe kiwe lugha ya mawasiliano mapana. Mwaka 2021 wakuu wa nchi wakaagiza Kiswahili nacho kiwe lugha rasmi. Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya iko Zanzibar. Lakini anayeomba kura ya kwenda EALA anajieleza kwa Kiingereza, Dodoma, mbele ya Watanzania wenzake! Akijikwaa, ukumbi unacheka. Tunamchuja mwakilishi wetu kwa lugha ambayo mama wa mpakani haiongei, kisha tunashangaa kwamba hawafahamiani.

Niliwahi kuhudhuria mkutano wa kukusanya maoni ya wadau. Makabrasha yote Kiingereza. Mama mmoja muuza dagaa alilishika lake likiwa juu chini kwa nusu saa, na alipopewa nafasi ya kuuliza alisema neno moja tu: "Asanteni." Sijamsahau mama yule.

Wala msiniambie Tanzania haina nguvu humo. Maamuzi ya wakuu wa nchi ni ya maafikiano. Mmoja akikataa, jambo limesimama. Mwaka 2016 tulikataa kusaini mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya, Kenya wakasaini, sisi tukabaki na msimamo wetu. Tukitaka kusema hapana tunasema na tunasikika. Ni nani anayepeleka "hapana" ya muuza dagaa?

Kitu kingine ambacho hakuna aliyemwambia mdogo wangu: Ibara ya 30 inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kufungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki akiona kitendo cha serikali kinavunja Mkataba. Muda ni miezi miwili tu. Yeye zimebaki wiki tano, na hata wakili wa kumuuliza hatujampata.

Ninachodai hakihitaji kubadili Mkataba. Hao tisa waje mpakani kila mwaka, tarehe itangazwe mapema, wasikilize kwa Kiswahili na waandike kwa Kiswahili. Waziri aziweke mezani kumbukumbu na Bunge lizijadili tuzisikie. Na 2027 wanaoomba kurudi waulizwe, kwa Kiswahili, walikwenda soko gani.

Kama yupo humu aliyewahi kumwona mbunge wetu wa EALA sokoni kwake au mpakani kwake, ataje mahali na mwaka, nitaomba radhi kwa jina langu. Na kama kuna wakili anayejua njia ya kuingia mahakama ile, naomba anitumie ujumbe leo hii, siku zinakwenda.