Debian inafunguka flashi ikiwa imechomekwa tu: je, diski imekufa?

Mwalimu wa Bagira (Bukavu)
Ndugu zangu, jambo. Naomba ushauri kuhusu laptopu ya zamani yenye prosesa ya Core 2 Duo, RAM ya gigabaiti 2 na diski ya gigabaiti 160, ambayo shule yetu inaitegemea kwa kuandaa mitihani na buletini za wanafunzi. Windows iliyokuwemo ilikuwa imelemea mno, kwa hiyo niliweka mfumo endeshi wa Debian 12 pamoja na Xfce, eneo-kazi lake jepesi, kwa kutumia flashi, na kazi ikafika mwisho bila kosa lolote kuonekana. Lakini nikichomoa flashi na kuwasha mashine, skrini inabaki nyeusi na kuandika kwamba hakuna diski ya kuwashia mfumo. Nikiirudisha, Debian inafunguka na faili zangu zote zipo. Fundi mmoja wa mjini anasema diski imekufa na ninunue nyingine. Kabla sijaiomba kamati ya wazazi pesa hizo, ningependa kujua kama ni kweli.

Kijana wa Himbi (Goma)
Mwalimu, pengine umeweka toleo la biti 64 kwenye mashine ya biti 32. Debian 12 bado ina toleo la i386, yaani la biti 32, lijaribu.

Fundi wa Kadutu (Bukavu)
Hapana, mdogo wangu. Core 2 Duo ni prosesa ya biti 64, na kama tatizo lingekuwa hilo, usakinishaji ungegoma mwanzoni kabisa. Usimtume Mwalimu amalize mega zake kupakua kitu asichokihitaji.

Mwalimu, fanya jaribio moja. Washa mashine flashi ikiwemo, subiri eneo-kazi lionekane, kisha ichomoe. Debian ikiendelea kufanya kazi na ukaweza kufungua faili zako, basi mfumo mzima umo ndani ya diski, na diski iliyokufa haiwezi kufanya hivyo. Kinachokosekana ni GRUB, ile programu ndogo ambayo BIOS, yaani programu ya mashine yenyewe inayotangulia kuwaka, huitafuta mwanzoni mwa diski ili iwashe mfumo. Mashine nyingi za umri huo, zikiwashwa kwa flashi, huihesabu flashi kuwa diski ya kwanza, yaani sda, na diski ya ndani ikawa sdb. Kisakinishaji kinapouliza GRUB iwekwe wapi, anayechagua ya kwanza kwenye orodha huiweka kwenye flashi.

Mwalimu wa Bagira
Nimeichomoa na Debian haikutetereka. Je, nianze upya?

Fundi wa Kadutu
Usianze upya, wala huhitaji intaneti. Washa tena flashi ikiwemo, fungua dirisha la amri, uandike `lsblk`. Diski yako utaitambua kwa ukubwa wake: gigabaiti 160 za dukani huonekana hapo kama 149G, na hiyo si dalili ya ubovu. Kisha andika `sudo dpkg-reconfigure grub-pc`. Maswali ya kwanza yapite kwa Enter. Ukifika kwenye orodha ya diski, tia alama kwenye diski yote, kwa mfano /dev/sdb, na si /dev/sdb1 ambayo ni kipande chake tu. Alama huwekwa kwa kitufe cha nafasi. Napendelea njia hii kuliko `grub-install` peke yake, kwa sababu Debian itakumbuka chaguo lako siku GRUB itakaposasishwa.

Chaja iwe imechomekwa na umeme umetulia, maana betri ya laptopu ya umri huo si ya kuaminiwa.

Mama Ibanda (Bukavu)
Mwalimu, niongeze jambo. Ikiwa kibodi yako ni ya Kifaransa lakini Debian imewekewa mpangilio wa Kiingereza, ukibonyeza A utapata q, na kistari kitatokea mahali pengine. Badilisha mpangilio kwenye mipangilio ya kibodi ya Xfce kwanza, la sivyo amri hazitaandikika sawasawa.

Mwalimu wa Bagira
Aksanti sana, Mama, na aksanti Ndugu Fundi. Diski ya ndani ilikuwa sdb kweli. Nimeitia alama, nimezima, nimechomoa flashi, na Debian imewaka yenyewe. Limebaki moja: kila nikitoa betri na chaja, tarehe inarudi mwaka 2007, na tovuti nyingi zinakataa kufunguka.

Fundi wa Kadutu
Hiyo ni betri ndogo ya BIOS, ambayo mara nyingi ni CR2032 ya volti 3. Tovuti zinakataa kwa sababu vyeti vyao vya usalama vina tarehe ya kuanza, na mashine inaona tarehe hiyo haijafika. Kwa sasa rekebisha tarehe ndani ya BIOS. Kabla ya kununua, fungua kifuniko cha chini uitazame, kwani katika laptopu nyingi huwa imefungwa kwenye plastiki yenye nyaya mbili na plagi ndogo, na ile tupu ya saa haitaingia hapo.