Kupima uionishaji wa Fe25+ kwenye EBIT (mtambo unaotega ioni kwa mwale wa elektroni) kwa eksirei: uwiano wa vilele hautulii

Swali
Wakuu, natafuta eneo la mgongano (kipimo cha uwezekano) la kung'oa elektroni ya mwisho ya chuma (Fe25+ kwenda Fe26+), mwale wa elektroni ukiwa 15 keV. Kigunduzi cha jemaniamu kiko nyuzi 90. Vilele vya elektroni kunaswa kwenye ganda la K (la ndani kabisa) vinaonekana karibu na 24 keV, ila uwiano wao hubadilika kadiri ioni zinavyokaa mtegoni. Nautumia kama ulivyo kuwa uwiano wa idadi ya ioni. Nakosea wapi?

Jibu 1
Kuutumia kama ulivyo ni kosa tayari. Kiini kitupu (Fe26+) kina nafasi mbili wazi kwenye K, Fe25+ ina moja, hivyo kiini kitupu hunasa karibu mara mbili zaidi. Gawa kila kilele kwa thamani ya kinadharia ya unasaji kwa nyuzi 90, ndipo upate idadi ya ioni. Vilele vyako ni 24.28 na 23.83 keV, vimeachana 450 eV tu. Volti za mtambo usiziamini, maana chaji ya mwale hupunguza nishati yake. Sawazisha kigunduzi kwa chanzo cha mionzi cha amerisiamu-241 (mstari wa 26.34 keV uko jirani), kisha soma nishati ya mwale kwenye vilele vyenyewe.

Jibu 2
Kinachobadilika na muda nashuku ni bariamu kutoka kathodi (inayotoa elektroni za mwale). Hujilimbikiza mtegoni taratibu, na unasaji wake kwenye ganda la L (la pili) huachia eksirei za takriban 8 hadi 10 keV juu ya nishati ya mwale: palepale kwenye vilele vyako! Mwaga mtego kila baada ya sekunde chache, kisha rudia mzunguko uleule bila kuingiza chuma na utoe spektra hiyo.

Muulizaji
Nikipandisha mwale hadi 18 keV, vilele vya chuma na vya bariamu havitaachana?

Jibu 2
Hapana, mkuu. Vyote husogea pamoja.

Jibu 3
Usimwage mapema mno pia. Kwa msongamano wa mkondo wa mwale wa 2000 A/cm², uionishaji huu ni kama mara 2 kwa sekunde kwa kila ioni, na ioni zikizunguka nje ya mwale kasi hiyo hupungua. Subiri uwiano utulie. Hapo uionishaji wa Fe25+ unalingana na unasaji wa Fe26+ kwenye maganda *yote*, si K peke yake, pamoja na elektroni ambazo Fe26+ inapora kwenye gesi iliyomo mtegoni. Mkondo wa mwale hujifuta kwenye hesabu ya unasaji, kwa gesi haujifuti. Shikilia mkondo, badilisha shinikizo la gesi, chora Fe25+/Fe26+ dhidi ya shinikizo, kisha vuta mstari hadi sifuri halisi, ukihesabu na gesi iliyobaki mtegoni kabla hujaongeza yako.