Mjadala: Tuachane na lugha ya C kwenye chipu ndogo?

Mtoa mada
Wakuu, kuna hoja inarudiwa sana: C na asembli, lugha za programu zilizo karibu na mashine, zimepitwa na wakati, kila kifaa kipya kiandikiwe lugha inayolinda kumbukumbu, yaani isiyoiacha programu iguse sehemu isiyo yake. Napinga, angalau kwa chipu ndogo kabisa. Chukueni ATmega328P, ile ya bodi ya Arduino Uno: kilobaiti 32 za programu na 2 tu za RAM (kumbukumbu ya muda). MicroPython, yaani lugha ya Python iliyopunguzwa kwa ajili ya chipu, kabla hujaandika hata mstari mmoja inataka takriban kilobaiti 256 za programu na 16 za RAM. Haiingii, basi.

Halafu kuna muda. Taa za rangi za WS2812 hupokea kila biti kwa mikrosekunde 1.25. Chipu ikienda kwa megahezi 16, hiyo ni mizunguko 20 ya saa ya chipu, na kinachotofautisha sifuri na moja ni pini kukaa juu mizunguko michache zaidi. Kwa asembli unaihesabu mmoja mmoja. Lugha inayosimama katikati ya kazi ili ifagie kumbukumbu itakuwashia rangi ambazo hukuziomba.

Mchangiaji wa kwanza
Mkuu, umejichagulia mpinzani mwepesi. Rust, lugha inayolinda kumbukumbu, haina huo ufagiaji na inageuzwa moja kwa moja kuwa msimbo wa mashine. Mbona hujagusa panapouma? Safu ina nafasi 8, wewe ukaandika kwenye ya tisa: C inanyamaza. Kwenye kompyuta, mfumo endeshi huenda ukaizima programu. Chipu yako haina mlinzi huyo. Thamani ya jirani inafutwa na kifaa kinaendelea kutoa majibu ya uongo. Heartbleed, lile tundu la usalama la 2014, ilitokana na C kuachwa isome kupita mpaka.

Mtoa mada
Kwa chipu za ARM sibishi, Rust inafaa. Ila chipu ndogo za PIC za biti 8 je? Huko mara nyingi unatumia C au asembli, upende usipende.

Mchangiaji wa pili
Mnaisahau `int`, aina ya C ya kuhifadhi namba kamili. Kwenye AVR, familia ya ile ATmega328P, ni biti 16, kwenye ARM ni 32. Hesabu milisekunde kwa `int` kwenye AVR: ikipita 32,767, yaani sekunde 32 na ushei, kihesabu kinafurika na kwa kawaida kinaruka hadi hasi. Msimbo uleule kwenye ARM unafanya kazi wiki tatu bila tatizo. Dawa ipo tangu 1999, `int32_t`, ambayo ni biti 32 popote, lakini kompaila (inayogeuza msimbo kuwa wa mashine) haimlazimishi mtu kuitumia. Mtoa mada, kwenye hizo PIC zako nani anakagua?